Mbega Wamehesabiwa, Huruma Bado

Mbega wa Karura hawakuletwa kiholela. Kuanzia mwaka 2014 walitolewa Kipipiri, Nyandarua, ambako mashamba yalikuwa yamewabana, wakasafirishwa hadi msitu huu uliozungukwa na jiji la Nairobi. Mtaalamu wa wanyama hao hakurupuki. Kabla hajamgusa mnyama hata mmoja atataka kujua kundi lina wangapi, dume yupi anaongoza, majike wenye watoto wako wapi, wanapenda majani ya mti gani. Akikosea, mnyama atakufa, ripoti itaandikwa, na kuna mtu atakayeulizwa.

Sasa njooni Mathare, Mei 2024. Mafuriko yamekwisha kuua, serikali imetoa amri kwamba kila aliye ndani ya mita 30 kutoka mtoni aondoke, saa zinahesabiwa, na matingatinga yanaingia. Nani alitaka kujua kundi lina wangapi? Nani aliuliza yule mama wa githeri anamkopesha nani, bibi kizee anategemea jirani yupi kumchotea maji, mtoto wa kidato cha nne atafanyia wapi mtihani, na mgonjwa wa sukari atafuata wapi dawa zake akishatupwa upande wa pili wa mji? Kaya ziliahidiwa shilingi 10,000 kila moja, na hapo ndipo sayansi yote ilipoishia. Kisha tarehe 10 mwezi huohuo taifa likapewa sikukuu: siku ya kuwaomboleza waliokufa kwa mafuriko, na ya kupanda miti. Familia iliyolala nje juu ya godoro lililolowa nayo iliambiwa ikapande mti. Ikaupande wapi?

Ugomvi wangu na uhifadhi wa mijini ni huu. Sayansi ya miti na wanyama inaitwa mwanzo, sayansi ya jamii inaitwa mwisho, tena inaitwa kama zimamoto. Ramani ikishapigwa muhuri, ua ukishanunuliwa, bajeti ikishagawanywa, na wakazi wakianza kurusha mawe, hapo ndipo anapotafutwa mwanasosholojia. Hatafutwi aje kuuliza. Anatafutwa aje kutuliza.

Mnaijua mikutano yenyewe. Ukumbi wa kanisa au uwanja wa chifu, viti vya plastiki, bango la mfadhili limefungwa dirishani kwa kamba ya manila. Saa nne ya kwenye mwaliko imekuwa saa sita. Sala haijaisha vizuri na karatasi imeanza kuzunguka: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Karatasi hiyo ndiyo roho ya mkutano, mengine yote ni mapambo. Afisa anasoma slaidi za Kiingereza na kijana mmoja anatafsiri robo yake. Mama aliyeketi nyuma anainua mkono, anauliza jaa lililo nyuma ya nyumba yake litahamishiwa wapi. Anajibiwa kwamba swali lake ni zuri sana na litaangaliwa katika awamu ya pili. Soda, picha ya pamoja, bahasha ya nauli. Jioni ripoti inaandikwa kwamba jamii imeshirikishwa, na ushahidi ni nambari za vitambulisho. Swali la mama halimo, kwa sababu fomu haikuwa na safu ya maswali.

Mwaka 1969 Mmarekani mmoja, Sherry Arnstein, aliyekuwa amefanya kazi serikalini katika mipango ya miji ya kwao, aliandika makala ambayo mpaka leo inawauma wenye bango. Alichora ngazi ya vipandio 8. Chini kabisa ni kuwachezea watu akili. Juu kabisa ni wananchi kushika hatamu wenyewe. Kipandio cha tatu ni kuwapasha watu habari, cha nne ni kuwaomba maoni, na vyote viwili Arnstein aliviweka katika fungu la ushirikishwaji wa kujionyesha, kwa sababu anayeombwa maoni hana chochote mkononi cha kumlazimisha aliyeomba ayafuate. Zaidi ya miaka 50 imepita na Nairobi imepiga kambi kwenye kipandio hichohicho cha nne, imewasha na moto wa kuota.

Na msiniambie sheria hairuhusu. Katiba ya 2010 inataja ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika usimamizi, ulinzi na uhifadhi wa mazingira. Kifungu hichohicho kinataka miti ifunike angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Mawili hayo yameandikwa ukurasa mmoja, yana uzito mmoja. Lakini asilimia 10 imekuwa wimbo wa kila jukwaa, tukaahidiwa na miti bilioni 15 ifikapo 2032, kila mche ukihesabiwa na kutangazwa. Ni lini mmemsikia waziri akisimama kutangaza kiwango cha ushiriki? Kipimo chake hakipo, na hakipo kwa sababu hakuna anayetaka kukiona.

Karura ndiyo mfano wetu mzuri kuliko yote, kwa hiyo tuuguse bila woga. Msitu uliotangazwa rasmi mwaka 1932, zaidi ya hekta 1,000, ulikuwa umeanza kukatwakatwa vipande na kugawiwa wakubwa miaka ya tisini. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai alikwenda pale na wenzake kupanda miche, akapigwa kichwani na walinzi wa kukodiwa hadi damu ikamtoka. Msitu ukapona ugawaji. Baadaye sheria ya misitu ya 2005 ikafungua mlango wa jumuiya za wananchi kusimamia misitu pamoja na serikali, na mwaka 2009 Marafiki wa Msitu wa Karura wakaundwa. Ua wa umeme ukajengwa, askari wa msitu wakaajiriwa, na mahali palipokuwa pakiogopwa kwa wizi, ubakaji na maiti za kutupwa pakawa mahali ambapo mwanamke anakimbia peke yake saa kumi na mbili asubuhi. Hayo ni mafanikio. Asiyeyakubali ana chuki binafsi.

Lakini Karura ina majirani wa aina mbili. Kuna Muthaiga, Runda na Gigiri, kwenye balozi na ofisi za Umoja wa Mataifa. Na kuna Huruma. Msiichanganye na Huruma ya Eastlands. Hii ni ile ya mabati iliyojibanza pembeni mwa Runda, iliyopakana na msitu. Vijana wa Huruma walipewa kazi za ulinzi, wanawake wakaruhusiwa kuokota kuni zilizokauka. Vizuri. Nani alipanga siku za kuokota? Mzigo mmoja uwe na ukubwa gani, na mjane mwenye mgongo mbovu anamtuma nani badala yake? Ua ulipopita, ni njia zipi za mguu zilizokatika, na aliyezitumia sasa anazungukia wapi? Kwa miaka mingi mtu mzima Mkenya alilipa shilingi 100 mlangoni. Kwa mkazi wa Runda hizo ni chenji za kwenye gari. Kwa mama anayefulia watu nguo ni hesabu: ama unga, ama Jumapili moja ya kuwaonyesha wanawe maporomoko yaliyo nyuma ya nyumba yao. Wangapi wa Huruma wameingia Karura kama wageni, na si kama vibarua au waokota kuni? Kuna watu wanaoweza kukwambia idadi ya ndege wa Karura kwa spishi. Waulizeni idadi hiyo nyingine muone watakavyoanza kutafuta miwani.

Wenye ua wana jibu lao, nami nalijua. Bila kiingilio hakuna mishahara ya askari, bila askari msitu unarudi kwa majambazi, na wa kwanza kuumia watakuwa wanawake wa Huruma wenyewe. Ni kweli. Ndiyo maana sidai kiingilio kifutwe. Nadai kwamba mtu wa Huruma awe mezani siku kinapopangwa, akiwa na sauti inayoweza kusema hapana, na kwamba kabla ya siku hiyo kuna mtafiti aliyekaa Huruma muda wa kutosha kujua nyumba kwa nyumba kiingilio hicho kinafunga mlango kwa nani.

Mwaka 2025 shirika la misitu la serikali liliagiza malipo yote ya Karura yapitie eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali. Nairobi ikawaka. Marafiki wa Karura wakapinga, mitandao ikachemka, kesi ikafika mahakamani. Mimi pia nilikuwa upande wa waliopinga, maana pesa ikishaingia kwenye shimo la serikali kuu kuirudisha msituni ni kazi ya maombi na kufunga. Lakini angalieni ugomvi ulikuwa juu ya nini. Pesa zipitie mfuko gani. Watu waliosoma, wenye mawakili, wenye simu za bei, walisimama kidete kutetea haki ya jamii kusimamia msitu wake, na katika kelele zote zile sauti ya Huruma ilisikika mara ngapi? Jamii iliyotetewa ilikuwa ni ile yenye viatu vya kukimbilia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tulikuwa na mwalimu. Maathai alikuwa mwanabiolojia, shahada yake ya uzamivu ya 1971 ilikuwa ya anatomia ya wanyama. Angeweza kuanza na udongo, na mbegu, na mvua. Alianza na wanawake. Katika Baraza la Kitaifa la Wanawake alisikiliza akina mama wa vijijini wakisema kuni zimekwenda mbali, vijito vimekauka, watoto wanakula vibaya. Mwaka 1977 harakati ya Green Belt ikazaliwa kutokana na majibu hayo, na mwanamke akalipwa kidogo kwa kila mche ulioshika, si kwa kila mche uliofukiwa mbele ya kamera. Yaani mradi wa miti mashuhuri kuliko yote Afrika ulijengwa juu ya utafiti wa kijamii, ukaendeshwa kwa ujuzi wa kijamii, ukatetewa kwa siasa za kijamii. Sisi tumeurithi, tukabaki na koleo tu.

Turudi mtoni. Sheria zetu zenyewe haziafikiani ukingo wa mto unaishia wapi. Ni kuanzia mita 2 hadi 30, kutegemea umefungua kitabu cha wapimaji, cha mipango, cha maji au cha mazingira. Sheria yenye pengo la mita 28 haitekelezwi na kanuni, inatekelezwa na mwenye nguvu. Anayeamua kipimo ndiye anayeamua nani avunjiwe. Mwaka 2018 tulishangilia jengo la maduka la South End kule Lang'ata likiangushwa, tukadhani zamu ya wakubwa imefika. Zoezi likapoa. Mathare mwaka 2024 kipimo kilikuwa mita 30 kavu, na hakuna aliyefungua kitabu kingine. Mwanaikolojia atakwambia mto unahitaji nafasi ya kupumua, na atakuwa sahihi. Lakini kwamba nafasi hiyo ikatwe kwanza kwa nani, kwa bei gani, baada ya notisi ya muda gani, hilo halimo kwenye darubini yake. Ni swali la haki, lina wataalamu wake, na wataalamu hao walikuwa nje ya chumba.

Visingizio viwili husikika kila mara. Cha kwanza ni kwamba utafiti wa watu unachukua muda, na mto haungoji. Aje Mukuru anayesema hivyo. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango, zaidi ya kaya 100,000. Kabla ya hapo Muungano wa Wanavijiji, pamoja na vyuo vikuu na mashirika wenza, ulikuwa umekusanya ushahidi mtaa kwa mtaa, na ushahidi huo ulionyesha jambo la kutia hasira: fukara wa Mukuru analipia maji ghali kuliko mwenye bomba katika mtaa wa ukuta. Takwimu hizo hazikuzaa tasnifu tu, zilizaa tangazo la kisheria. Kisha kaya zikapangwa kumikumi, kila kumi zikatoa msemaji, na maji, barabara, nyumba, mazingira vikajadiliwa kuanzia chini. Kaya 100,000! Na wewe mwenye bustani ya ekari mbili umeshindwa kuwafikia watu wa mstari mmoja wa nyumba? Sisemi Mukuru ni pepo. Mwaka 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga hivyohivyo, ushahidi na mipango vikakanyagwa. Lakini hilo linathibitisha ubabe wa wenye matingatinga, halithibitishi udhaifu wa njia.

Kisingizio cha pili ni cha zamani zaidi: masikini na msitu haviwezi kukaa pamoja, mali ya wote huharibiwa na wote. Hilo la mali ya wote Garrett Hardin aliliandika mwaka 1968 na kila mwenye ua amemshukuru tangu siku hiyo. Elinor Ostrom, mtaalamu wa siasa, alitumia maisha yake kwenda kuangalia kama ni kweli, kwenye mabwawa, mifereji, malisho na misitu. Mtandao wake wa watafiti wa misitu ulifika hadi Makerere. Alikuta watu wanaotunza mali ya pamoja vizazi kwa vizazi, pale wanapotunga kanuni zao wenyewe, wanapowachagua walinzi wanaowajibika kwao, na pale adhabu inapoanza ndogo na kupanda. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Nobel ya uchumi. Mwaka uleule Marafiki wa Karura walipoundwa. Huhitaji kwenda Stockholm kuthibitisha: nenda Korogocho, ukingoni mwa Mto Nairobi, ukaone vijana wa Komb Green walivyogeuza jaa kuwa bustani ya watu, baadhi yao wakiwa ndio waliokuwa wakiwapora wapita njia. Hakuna afisa wa misitu aliyewafundisha nani wa kuzungumza naye ili mahali pale pasiibwe tena. Walijua, kwa sababu walikuwa wao.

Sasa niwageukie wanasayansi wa jamii, maana hawatatoka hapa na shuka safi. Mmefanya nini kustahili kuitwa mwanzo? Kibera imehojiwa hadi imechoka. Kila muhula kijana mwenye kadi ya chuo shingoni anabisha hodi na kompyuta kibao, anamkalisha mama wa mboga dakika arobaini huku wateja wakipita, na kumuuliza, kwa mizani ya 1 hadi 5, anakubaliana kiasi gani na kauli kwamba miti huchangia ustawi wake. Mama anasema 5. Angesema nini? Anataka uondoke. Leseni ya utafiti inataka nakala ya ripoti ipelekwe kwenye tume ya sayansi; sijawahi kuona muuza mboga akiletewa yake, kwa lugha anayosoma, akaambiwa: tazama ulichotuambia, ndivyo ulivyosema? Tasnifu kuhusu misitu ya Nairobi na majirani wake zimejaa maktabani, na nyingi zinafungwa kwa pendekezo lilelile, kwamba jamii ielimishwe zaidi. Mwenye nyumba inayoingia maji hahitaji kuelimishwa kuhusu mto.

Kuna waliofanya vingine, na hatuhitaji kwenda mbali. Dar es Salaam, chini ya Ramani Huria iliyoanza 2015, wanafunzi wa vyuo walitembea na wakazi katika kata zinazofurika, wakachora mitaro, vichochoro na nyumba ambazo ramani rasmi hazikuwa nazo. Mkazi ndiye aliyesema maji yalifika wapi: hapa gotini, pale kifuani, huku hayakuingia kabisa. Kilichokuwa kumbukumbu ya mtu kikawa data ya jiji. Desemba mwaka huohuo, katika bonde la Msimbazi, jiji lilelile lilikuwa likipaka alama nyekundu za X kwenye kuta na kubomoa. Njia mbili za kumjua mkazi wa bondeni, mwaka mmoja, mji mmoja. Moja ilikuja na karatasi na penseli, nyingine na kopo la rangi.

Kwa hiyo madai yangu ni ya pesa na madaraka, si ya semina. Mradi wowote wa msitu, mto au bustani ndani ya jiji usipewe hata mche mmoja kabla ya watafiti wa jamii kukaa na wakazi, na wasilipwe na mkandarasi anayesubiri kuanza kazi. Majibu yarudishwe barazani kwa Kiswahili, yasomwe kwa sauti, yapingwe na yasahihishwe na walioyatoa. Data ibaki mtaani, na anayetaka kuitumia aombe. Vijana wanaolipwa kwa siku kuzoa taka Mto Nairobi chini ya mpango wa serikali wa ClimateWorX waulizwe wanachokijua; wanajua kila bomba linalomwaga uchafu usiku na linatoka nyuma ya ukuta wa nani, lakini wamekodiwa mikono, vichwa vimeachwa getini. Na ripoti ya kila mwaka ya kila msitu wa jiji, pale inapotaja mbega na tai na miti ya muhugu iliyopandwa badala ya mikaratusi, itaje pia nani aliingia, nani alizuiwa, nani alipata kazi na kwa mshahara gani, nani alikamatwa na kwa kosa gani.

Mkataba wa usimamizi wa Karura utakapofunguliwa tena, mawakili watakuwepo, shirika litakuwepo, na bila shaka chai itakuwepo. Nataka kuona kiti cha Huruma mezani. Nataka kujua anayekikalia alichaguliwa na nani, lini, kwa kura ngapi, na kama akisema hapana kikao kinasimama au kinaendelea.